Basi la shule limekatwa: tuibane vipi bodi ya wilaya? (Texas)

Kutoka: Mama Mapacha, Texas Kaskazini

Bandugu, jambo kwenu wote.

Sisi wenye tunakaa kwenye nyumba za kupanga ng'ambo ya barabara kuu tulipata ujumbe wa simu: basi la shule halitapita tena kwetu kwa sababu tuko chini ya maili 2 kutoka shuleni. Batoto batembee. Batembee wapi? Kuna daraja, magari yanakimbia, pembeni hakuna njia ya miguu. Na wengi wetu tunatoka kazi ya usiku wakati kengele imeshalia.

Tulienda kwa mwalimu mkuu. Ni mama mzuri, alitusikiliza, akasema si yeye ameamua. Tukaenda kwenye kikao cha bodi ya shule za wilaya. Papa mmoja alisema kwa Kiswahili, kijana wake akatafsiri, wakamkata katikati eti muda umekwisha. Wale wa bodi walitutazama tu, hakuna hata mmoja alijibu neno. Tukaambiwa asante, tukarudi.

Ninauliza: iliamuliwa lini? Nani alipiga kura? Mzazi anaona wapi karatasi? Tafadhali mutusaidie.

Kutoka: Dereva wa Usiku, Houston

Pole sana mama. Dawa yao moja tu, jazeni ukumbi. Watu mia, mabango, na kamera za televisheni ya mtaa. Nyinyi angalau bodi yenu mmeichagua. Huku Houston, tangu Juni 2023 jimbo liliiweka pembeni bodi iliyochaguliwa na kuteua watu wake pamoja na msimamizi mkuu mpya. Mkiwa bado na kura, itumieni kuwatisha.

Kutoka: Mama Mhasibu, Dallas

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Nimehudhuria vikao vya bodi za huku tangu kifungua mimba wangu akiwa chekechea, na kazi yangu ni hesabu, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Mabango yasubiri. Watu mia wakilia mikono mitupu, bodi inawapa pole na kuendelea na ratiba. Mzazi mmoja mwenye karatasi mkononi anawafanya wamwinamie mwanasheria wao na kumnong'oneza.

Kwanza mjue mnaongea na nani. Nyumbani tumezoea kamati ya shule, na mwalimu mkuu anajua kila kitu hadi bei ya chaki. Huku bodi moja inashika shule zote za wilaya. Kwa kawaida ni watu 7, wamepigiwa kura, hawalipwi mshahara. Wao wanapitisha sera na bajeti. Msimamizi mkuu ni mwajiriwa wao, na mabasi yako chini yake. Mwalimu mkuu hana usemi juu ya njia za basi, msimchoshe.

Ule ukimya uliowaumiza una sababu. Sheria ya Vikao vya Wazi ya Texas hairuhusu bodi kujadili jambo ambalo halimo kwenye ajenda iliyotangazwa. Mzazi akiibua jipya, wanachoweza ni kutoa taarifa fupi ya ukweli, kusoma sera iliyopo, au kupendekeza liwekwe kwenye ajenda ya kikao kingine. Basi msiulize "kwa nini mmetufanyia hivi?" Semeni: "Tunaomba suala la basi liwekwe kwenye ajenda." Hilo sheria inawaruhusu kulijibu palepale. Isitoshe, haki yenu ya kusema inalindwa na sheria kwa yale yaliyo kwenye ajenda. Nje ya hapo wanawaachia wakipenda. Ajenda yenyewe, tangu Septemba 2025, lazima itangazwe siku 3 za kazi kabla ya kikao. Zamani ilikuwa saa 72, kwa hiyo ajenda ya kikao cha Jumatatu jioni iliweza kubandikwa Ijumaa alasiri, wazazi wakiwa mapumzikoni, na jambo likapita.

Huyo papa aliyekatwa. Tangu 2019, kifungu 551.007 cha Kanuni za Serikali za Texas kinasema anayeongea kupitia mkalimani apewe angalau mara mbili ya muda wa wengine, isipokuwa kama bodi ina vifaa vya kutafsiri papo kwa papo. Wengine wakipewa dakika 2, yeye anapata 4. Andikeni namba ya kifungu kwenye kikaratasi, mumpe karani wa bodi kabla kikao hakijaanza, kwa upole kabisa. Kifungu hichohicho kinawakataza kumnyamazisha mtu kwa sababu tu anaikosoa bodi.

Sasa penyewe. Maili 2 hawakuitoa hewani. Jimbo linailipa wilaya fedha za usafiri wa kawaida kwa mtoto anayeishi maili 2 au zaidi kutoka shuleni. Chini ya hapo hailipwi, na wahasibu wa wilaya wanapotafuta pa kukata, wanaanzia hapo. Lakini Sheria ya Elimu ya Texas, kifungu 48.151, imeacha mlango. Wilaya inaweza kuomba nyongeza ya hadi asilimia 10 ya fedha hizo kwa ajili ya watoto wa ndani ya maili 2 ambao njia yao ni ya hatari. Na hatari imeelezwa: hakuna njia ya miguu, na mtoto analazimika kupita kando ya barabara ya mwendo kasi au kuivuka, au kupita darajani, au katikati ya eneo la viwanda. Mama Mapacha, hapo umesoma kwenu au hujasoma?

Tena wilaya ikiomba fedha hizo, bodi ndiyo inayotakiwa kueleza hatari maana yake nini katika wilaya yake, na kuyataja maeneo yenyewe mbele ya jimbo. Maana yake, kama waliomba, kuna orodha. Imekaa kwenye faili la mtu. Daraja lenu likiwamo, wamewaondolea basi kwenye njia ambayo wenyewe wameiita ya hatari. Kama halimo, nani alikwenda kuikagua, na ripoti yake iko wapi? Majibu yote mawili yanawaweka pabaya, na ndiyo maana naipenda orodha hiyo kuliko mabango.

Mnaipata kwa Sheria ya Taarifa za Umma. Kila wilaya ina afisa wa taarifa na anwani ya barua pepe ya kupokea maombi, tafuteni kwenye tovuti yao. Hamlazimiki kusema mnaitaka ya nini, na wao hawaruhusiwi kuuliza. Msiombe maelezo. Ofisi hailazimiki kujibu maswali wala kutunga karatasi mpya. Inalazimika kutoa iliyopo. Mimi huandika hivi, na nakala ya Kiingereza nitakutumia pembeni:

"Kwa mujibu wa Sheria ya Taarifa za Umma ya Texas, naomba kwa barua pepe: sera ya bodi kuhusu njia za hatari, pamoja na orodha ya maeneo hayo kwa mwaka huu na uliopita, ajenda, viambatisho na kumbukumbu za kikao kilichopitisha mabadiliko ya njia za mabasi, na ripoti yoyote ya ukaguzi wa njia kati ya makazi yetu na shule. Gharama ikizidi dola 40, nijulisheni kabla hamjaanza."

Wana siku 10 za kazi. Ama watoe, ama waandike siku watakayotoa, ama wakitaka kuficha wamwombe ruhusa Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Nakala ya kawaida ni senti 10 kwa ukurasa, na kwa kurasa 50 au pungufu mara nyingi hawaruhusiwi kuongeza malipo ya kazi. Wakikutajia mamia ya dola, dai mchanganuo kwa maandishi. Mara nyingi bei inashuka yenyewe.

La mwisho. Kwenye ajenda kuna fungu la mambo yanayopitishwa kwa mkupuo, kura moja bila mjadala. Mambo ya mabasi hupenda kujilaza humo katikati ya ununuzi wa karatasi za choo. Wilaya yenye wanafunzi 10,000 au zaidi inatakiwa kuweka video ya kikao cha kawaida mtandaoni ndani ya siku 7. Kaeni nayo na chai, mtaona dakika yenyewe basi lenu lilipoondoka.

Kutoka: Msomaji wa Pembeni

Samahani, swali la woga. Sisi kesi yetu ya hifadhi bado haijaamuliwa. Nikiandika barua kama hiyo, hawataniuliza karatasi?

Kutoka: Mwalimu Mstaafu, Arlington

Hapana. Sheria ya taarifa haiangalii uraia wa anayeomba. Na haki ya watoto kusoma shule ya umma, hata wasio na karatasi kabisa, iliamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1982, katika kesi iliyotoka Tyler, hapahapa Texas. Ila kumbuka kikao kinarekodiwa, na ukisema unataja jina lako. Usiyetaka kuonekana, tuma barua tu na umwache jirani aende kwenye kipaza sauti. Na kuhusu kura ambayo ndugu wa Houston ametaja: ni ya raia peke yao. Usijiandikishe kwa kushawishiwa na kijana mwenye fomu mlangoni, itakuharibia kesi. Wale mlioapishwa kuwa raia, mjiandikishe siku 30 kabla ya uchaguzi. Uchaguzi wa bodi wanajitokeza watu wachache mno, jumba lenu moja la kupanga linaweza kuamua kiti.

Mhasibu kasema vyema, ila mimi siwaoni hao wa bodi kama maadui. Madereva wa mabasi hawapatikani kirahisi, na muda wa kutumia fedha za msaada wa kovidi kutoka serikali kuu uliisha Septemba 2024, wilaya nyingi zikabaki na mashimo. Mkienda na lugha ya kuonewa peke yake, watawaonyesha shimo lao. Afadhali muwaongeleshe kwa pesa. Texas inalipa shule kwa wastani wa mahudhurio, si kwa majina yaliyo kwenye daftari. Mtoto asipofika, wilaya inapoteza. Ombeni jumla ya mahudhurio ya shule hiyo kwa wiki, kabla na baada ya basi kukatwa, bila majina ya watoto. Ikiwa yameshuka, mmeshika hoja ambayo hata mtunza hazina wao ataielewa.

Kutoka: Mama Mhasibu, Dallas

Mwalimu, hilo la mahudhurio sikuliwazia. Lakini shimo la bajeti si ruhusa ya kuamua kimyakimya. Wangeliweka mezani kwa jina lake, wazazi waje waseme, kisha wapige kura. Hata mimi ningewaonea huruma.

Kutoka: Mama Mapacha, Texas Kaskazini

Bandugu, karatasi zimekuja, na hawajatutoza kitu.

Kura ilipigwa wakati wa likizo, ndani ya lile fungu la mkupuo. Kwenye ajenda imeandikwa "marekebisho ya huduma za usafiri", hakuna mtu angejua ni basi letu. Orodha ya njia za hatari ya mwaka uliopita ina daraja letu. Ya mwaka huu haina. Ripoti ya ukaguzi, wamejibu kwamba hawana. Mahudhurio tumeomba, bado tunasubiri.

Tuliandika barua ya pili kuomba suala liwekwe kwenye ajenda, tukaambatanisha orodha zote mbili. Limewekwa, kikao ni Jumanne ijayo saa kumi na mbili na nusu jioni. Mjumbe wa upande wetu ameomba aje atembee na sisi hadi shuleni asubuhi moja. Tumemwambia avae viatu vizuri.

Tunatafuta mkalimani mtu mzima, safari hii hatutaki mtoto atafsiri. Pia mtu wa kukaa na wadogo, na gari kubwa kwa ajili ya wamama wanne kutoka jengo la nyuma. Kujiandikisha kusema kunafungwa saa sita mchana siku hiyohiyo.

Kutoka: Mama Mhasibu, Dallas

Nitakuja kutafsiri. Nitumie orodha zote mbili leo nizisome mapema. Na msipange watu kumi waseme jambo moja. Mmoja aeleze daraja, mmoja asome orodha mbili bila kuongeza neno, mmoja aulize nani alilifuta jina na kwa ripoti ipi. Huyo wa tatu awe papa aliyekatwa siku ile. Karani nitamwona mwenyewe kuhusu dakika zake.