Mlima Elgon na baiskeli ya graveli: naweza kupita kwenye erika juu ya mianzi?

pedali_za_mbale:
Wadau habari zenu. Niko Mbale, chini ya Mlima Elgon upande wa Uganda, naendesha graveli, yaani baiskeli ya barabara za vumbi na kokoto, tairi milimita 42, mbele sahani moja ya meno 40 na nyuma ile kubwa kabisa ina 42. Barabara za moramu za huku chini nishazizoea, za Budadiri, za Sironko, zile zinazopita katikati ya kahawa na migomba, lakini sasa moyo wangu uko juu. Nimeona picha za kule ukishatoka kwenye mianzi, kuna vichaka vya erika vimeota ndevu za kijivu, nyasi za mafungu mafungu, kinjia chembamba kinapita katikati na ukungu, hakuna nyumba hakuna boda hakuna mtu, na tangu hapo kila asubuhi nikiuangalia mlima kabla mawingu hayajaufunika nawaza kupita pale na baiskeli tu.

Naomba mnisaidie, inaruhusiwa? Kati ya njia za kupandia mlima, ya Sasa, ya Sipi na ya Piswa, ipi nafuu kwa baiskeli? Na tairi 42 zinatosha au nitafute za 50? Nafikiria Januari.

kahawa_na_ukungu:
Karibu sana kwetu kaka. Mimi ni wa Kapkwata, njia ya Piswa inaanzia hapa hapa kwa hiyo naongea kitu ninachokiona.

Kwanza ujue mlima umepangwaje. Mpaka kama mita 2,500 ni msitu mkubwa, halafu mianzi kuanzia 2,400 hivi mpaka 3,000, erika unayoitaka wewe iko kati ya 3,000 na 3,500, juu ya hapo ni nyika ya mimea mikubwa ya lobelia na senesio mpaka kilele cha Wagagai mita 4,321. Sasa upande wetu wa Uganda hakuna barabara hata moja inayofika kwenye erika. Zote ni njia za miguu, na ndani ya hifadhi hutembei bila renja, yaani askari wa hifadhi, wa UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda. Njia ya Sasa ndiyo fupi lakini inapanda kwa fujo, pale kwenye majabali ya Mudangi watu wanapanda kwa ngazi, baiskeli utaibeba kichwani? Piswa ni ndefu na inapanda taratibu, ndiyo nafuu kwa mguu, lakini kwenye mianzi njia ni mizizi na tope jeusi hata wakati wa kiangazi.

Jambo linaloniuma zaidi ni ile ardhi ya juu. Kule ni baridi, usiku inaganda, mmea unakua kidogo kidogo sana. Udongo wake ni mweusi, mlaini, umejaa maji, ukiukanyaga na kiatu unabonyea halafu unarudi, ila tairi inakata mfereji mmoja mrefu unaofuata mteremko. Mvua ya kwanza ikija maji yanaingia humo humo, mfereji unazidi kuchimbika, anayekuja nyuma anakwepa tope anapita pembeni, anakanyaga nyasi mpya, na njia ya futi moja inakuwa barabara. Na maji ya Manafwa, Sironko, Sipi, yote yanatoka hapo juu, ile ardhi ndiyo inayoyashika na kuyaachia polepole. Hizi wilaya zetu zinajua mlima ukiporomoka unafanya nini, Bududa 2010, Bulambuli Novemba 2024, watu wamezikwa na nyumba zao. Kule ni chini kwenye mashamba na sababu zake ni nyingine nyingi, lakini ndiyo maana sisi huku hatupendi kuona mtu anachezea udongo wa mlima popote pale.

Kwa hiyo ushauri wangu, endesha mpaka Kapkwata, au Kapkwai inakoanzia ile ya Sipi, acha baiskeli kwa UWA au kwa watu wa hapo, halafu erika uione kwa miguu. Utaiona vizuri zaidi pia, zile ndevu za kijivu zikiwa na umande kila uzi una tone lake kwenye ncha, kwenye baiskeli utakuwa unaangalia mizizi tu.

gia_ndogo:
Mzee wa Kapkwata nakuheshimu lakini mbona Kilimanjaro watu wanapanda na baiskeli mpaka Horombo, na ile ni hifadhi vilevile, mita 3,720, na wanapita kwenye erika hiyo hiyo? Hapa kwetu kila kitu ni hapana. Mtu akibeba baiskeli begani pale pabaya na kuendesha pale pazuri anaharibu nini?

kahawa_na_ukungu:
Kaka swali zuri. Kilimanjaro wanatumia njia ya Kilema, ile ni barabara, gari la uokoaji linapita. Imeshakanyagwa na kushindiliwa, baiskeli haiongezi kitu. Ungenionyesha barabara ya gari kwenye erika ya upande wetu ningekuambia nenda leo. Na kubeba begani mita 3,300 hewa ni kama theluthi mbili ya ile ya pwani, kilo kumi unazisikia kama ishirini.

mama_spoku:
Samahani naingilia kati, hiyo barabara ipo jamani, iko upande wa pili! Mlima ni mmoja. Upande wa Kenya ukiingia lango la Chorlim kuna njia ya magari ya foo-bai-foo inayopanda ndani ya hifadhi mpaka kama mita 3,500, pale magari yanapoishia na watu wanaanza kutembea kwenda kilele cha Koitobos. Inapita msituni, inapita mianzi, inatokea kwenye erika kabisa, udongo mwekundu na mawe, hiyo ndiyo graveli yenyewe. Ila wasiliana na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kabla hujaenda maana kule chini kuna nyati na tembo, hao tembo wa Elgon ndio wale wanaoingia pango la Kitum usiku kulamba chumvi kwenye mawe, kwa hiyo omba askari aende na wewe, na asubuhi mapema usiingie msituni peke yako hata kama lango liko wazi. Tembo hasikii kengele ya baiskeli kama boda wa Namatala anavyoisikia.

Safari yenyewe ni tamu, Mbale Sipi Kapchorwa lami, Kapchorwa mpaka Suam siku hizi nayo lami, unavuka mpaka, unashika ya Endebess halafu unakata kwenda Chorlim. Lami hiyo lakini siyo ya kulala, Mbale iko kama mita 1,150 na Sipi inakaribia 1,800, kile kipande cha kupanda Sipi kinakausha miguu. Ukitaka vumbi Kapchorwa toka kwenye lami ushike ile ya Teryet kwenye kituo cha mazoezi ya riadha, utapishana na vijana wanakimbia mlima ule kama tambarare, huko ndiko nyumbani kwa Cheptegei na Kiprotich, wape nafasi.

Ombi moja tu kwa wote mnaoendesha huku msimu wa kahawa. Watu wanaanika kahawa kwenye turubai ukingoni mwa barabara, maganda yameshatolewa, punje nyeupe zinakauka. Gari likikusukuma pembeni shuka ubebe baiskeli, usipite juu ya turubai. Ile ni ada ya mtoto imelala pale chini.

fundi_wa_magurudumu:
Kuhusu tairi, 42 zinatosha kavu, lakini kwa Chorlim ningeweka 45 mpaka 50 kama fremu yako inaruhusu, siyo kwa mawe, kwa tope. Udongo wa Elgon ni wa volkano, ukilowa unanata kama chapati mbichi, unajaza kati ya tairi na uma mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Kwa hiyo angalia nafasi iliyobaki pembeni ya tairi, kidole kipite, tairi nene isiyo na nafasi ni mbaya kuliko nyembamba. Mtu wa kilo 70 na kitu aweke psi 30 hadi 35, tyubulesi, yaani tairi bila tyubu, na dawa ya kuziba matundu ndani, na tyubu moja ya akiba maana jiwe likichana pembeni dawa haisaidii.

Sahani ya meno 40 ni kubwa, shuka mpaka meno 36 au chini. Breki kama ni disk badilisha pedi kabla ya safari, siyo baada, kushuka kutoka 3,500 ukishikilia breki muda wote zinachemka zinapoteza nguvu, finya kwa nguvu kabla ya kona halafu achia zipoe, usizishikilie kidogo kidogo. Na Januari ni sawa, Desemba mpaka Februari ndiyo kikavu chetu, ila beba koti la mvua, mlima haujui kalenda.

pedali_za_mbale:
Banange asanteni sana, mmenifungua macho kweli. Mzee wa Kapkwata nimekuelewa, sipeleki tairi juu ya Piswa. Mpango sasa ni huu, naendesha Mbale mpaka Kapkwata nalala hapo, naacha baiskeli, napanda Piswa kwa miguu na renja, nikishuka naendelea Suam kwenda Chorlim. Ofisi ya UWA iko hapa mjini Mbale, nitapita wiki hii niulize ada na renja. Mama_spoku, mpakani Suam wanataka paspoti?

mama_spoku:
Mganda kuingia Kenya kitambulisho cha taifa kinatosha ndugu yangu, ila kiwe hakijaisha muda. Fika mpakani mchana, na risiti ya baiskeli kama unayo ibebe, kama huna piga picha namba ya fremu uwe nayo kwenye simu.

kahawa_na_ukungu:
Ukifika Kapkwata ulizia pale kwenye ofisi ya hifadhi watakuelekeza. Chakula usiwe na wasiwasi, na ukipita Bugisu nunua malewa, yaani machipukizi ya mianzi, iliyokaushwa uje nayo, tutaipika na karanga.