Nampeleka bibi kwenye makaburi ya vita Taveta, naombeni ushauri

Mleta mada: Wakuu, Jumamosi nampeleka bibi, miaka 88, kwenye makaburi ya Vita Kuu ya Kwanza, Taveta. Baba yake alifia vitani 1916. Tuende asubuhi? Maua yanaruhusiwa? Siku tatu sijalala.

Mpanda vilima: Msikose kilima cha Salaita. 12 Februari 1916 Waafrika Kusini walitimuliwa pale na askari wa Mjerumani. Nilipanda, nikakaa kimya saa nzima.

Wa Tanga: Hapa kwetu walipigana Novemba 1914. Marehemu babu alikuwa akituonyesha upande ambao nyuki waliwavamia wanajeshi. Nikipita huko namkumbuka yeye kuliko vita.

Karani: Mleta mada, alikuwa askari au mpagazi? Jina umeliona?

Mleta mada: Nimeuliza habari ya maua tu.

Karani: Jibu kwanza.

Mleta mada: Mpagazi wa Mwingereza. Lile jeshi la mizigo lililotuachia jina la Kariakoo.

Karani: Basi pole. Wapagazi wengi waliuawa na kuhara, malaria na njaa, wakafukiwa njiani. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina.

Mleta mada: Najua. Nilikwenda mwezi jana, sikumpata. Nilivyorudi bibi alinitazama usoni, nikamwambia nimeliona kaburi. Nimeshachagua jiwe la pembeni. Hajui kusoma. Gari nimeshalipia.

Mama Wawili: Mwanangu, jiwe hilo lina mwenyewe. Utamliza bibi yako juu ya mtoto wa watu?

Mzee wa hesabu: Chai hii. Bibi kazaliwa miaka ya 1930, baba kafa 1916?

Mama Wawili: Kumbe! Na mimi nimelia.

Mleta mada: Ni baba yake mkubwa. Kwetu kaka wa baba ni baba, sina neno jingine la kumwita. Babu mzaa bibi ndiye mdogo wake. Alimtaja mpaka anakata roho, akamwachia bibi kazi ya kumtafuta.

Mzee wa hesabu: Nisamehe, mkuu.

Karani: Nairobi, Kenyatta Avenue, kuna mpagazi wa shaba pamoja na askari. Maandishi ya Kiswahili yapo, yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Mpeleke amshike, umsomee.

Mleta mada: Ni mbali kwa magoti yake. Nitaongea naye usiku huu. Sasa hivi ameniita, anauliza lile jiwe lina rangi gani.