Grafu ya Matplotlib haitanuki na dirisha la Tkinter, msaada wakuu

Muuliza swali
Wakuu habari za jioni. Natengeneza kwa Python programu ya kituo cha kukusanya maziwa, dirisha na batani ni za Tkinter, grafu inachorwa na Matplotlib, kushoto fomu ya kuingiza lita, kulia grafu ya wiki. Sasa nikikuza dirisha grafu inabaki palepale konani kama stempu, pembeni kote kijivu kitupu, na tarehe za chini zimekatwa nusu. Nikaweka figsize=(9, 6), ikasukuma batani ya Hifadhi nje ya skrini. Nikasema niongeze ule upau wa kuzoom na kusevu picha, ndo kabisa, programu haiwaki, inalalamika mambo ya grid na pack, zile njia mbili za Tkinter za kupanga vitu dirishani. Jumatatu wanaitaka.

Jibu
Pole mkuu. Achana na figsize, huo ni ukubwa wa kuanzia tu, inchi mara dpi (pikseli kwa kila inchi), yaani 9 kwa 6 kwenye dpi 100 ni pikseli 900 kwa 600, lazima batani ikimbie. Rudisha (5, 4). Kisha weka sticky="nsew" (ishike pande zote nne) kwenye canvas.get_tk_widget().grid(...), canvas ndiyo turubai inayobeba grafu, na fremu inayoibeba uipe columnconfigure(0, weight=1) na rowconfigure(0, weight=1), weight ndiyo mgao wa nafasi inayoongezeka dirisha likikua. Fremu hiyo nayo ndani ya dirisha kuu ifanyie vilevile kwenye safu wima na mstari wake, hapo ndo wengi tunakwama, weight ikikosekana ngazi moja tu hakuna kinachotanuka. Safu wima ya fomu usiipe weight, itatulia.

Jibu
Naongezea. NavigationToolbar2Tk, ndo ule upau wako, ikiundwa tu inajipanga yenyewe kwa pack, na Tk haitaki pack na grid ndani ya fremu moja. Andika pack_toolbar=False halafu uipange mwenyewe, row=1, sticky="ew". Tarehe kukatwa tumia Figure(layout="constrained"), inapima nafasi upya kila inapochora, ila tight_layout() ukiiita mara moja inapima mara hiyo tu, ukikuza dirisha mambo yanaharibika tena. Matplotlib yako ikiwa chini ya 3.5 andika constrained_layout=True.

Muuliza swali
Imekubali wakuu, asanteni sana!! Kweli dirisha kuu sikulipa weight. Imebaki moja, kila nikihifadhi lita mpya programu inazidi kuwa nzito.

Jibu
Bila shaka unaunda FigureCanvasTkAgg (ile canvas ya grafu) mpya kila batani ikibonyezwa, zinarundikana moja juu ya nyingine. Iunde mara moja mwanzoni, kwenye batani iwe ax.clear(), chora data, canvas.draw_idle(), basi.