Arusha: bima mbili za kampuni moja, mama kavunjika mguu uwanjani kwetu na hakuna dawati linalotaka kulipa

Wakuu, nina hasira na sitazificha. Mods naomba uzi huu uachwe hapa Biashara, maana wenzangu wengi wa kazi hii wanapita humu.

Kwa msioijua kazi yetu: tunapokea kifusi. Nyumba ya zamani ikibomolewa Kaloleni au Sombetini, zege, tofali, mbao na nondo vinakuja uwanjani kwetu, njia ya kwenda Kisongo. Vijana wanachambua, krasha linasaga, kinachotoka kinarudi mjini kama kokoto za kujazia msingi au cha kushindilia barabara za mitaa. Nondo zinakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mzigo huu usipokuja kwetu unamwagwa makorongoni na kingoni mwa Themi na Naura, na kila mkazi wa Arusha ameshauona.

Sasa, mkandarasi wa maana hakupi kazi mpaka umwonyeshe bima ya dhima kwa umma, ile inayomlipa mtu wa nje akiumia au mali yake ikiharibika kwa ajili ya shughuli zako. Tukakata. Kampuni hiyo hiyo ikatukatia na bima kubwa ya tipa. Ada zote tumelipa, na VAT ya asilimia 18 juu yake.

Kuna kina mama wanaokuja kuokota vipande vya nondo na waya kwenye lundo kabla halijaingia kwenye krasha. Hatujawaajiri, wanaokota na kuuza wenyewe. Viwanja vyote vya kifusi nilivyowahi kuingia wapo. Tipa likiwa linarudi nyuma kumwaga mzigo likamgonga mmoja wao, mguu ukavunjika sehemu mbili. Mama mwenye watoto, anayekula kwa alichookota siku hiyo. Hospitali tulilipa sisi mfukoni, kwa sababu huwezi kumwacha mtu anavuja damu eti unasubiri afisa madai.

Tukapeleka madai dawati la dhima. Wakajibu: kilichomgonga ni gari, na madhara ya gari hayalipwi kwenye hati hii, nendeni dawati la magari. Tukaenda, ni jengo lile lile. Dawati la magari nalo likajibu: ajali imetokea ndani ya uzio, si barabarani, tena tipa lilikuwa linamwaga mzigo, kwa hiyo wakati ule lilikuwa mtambo wa kazi na si chombo cha usafiri. Hatulipi, rudini dawati la dhima.

Barua zote mbili ninazo, nembo moja, muhuri mmoja.

Hebu tufikiri pamoja. Sheria ya bima za magari inalazimisha bima kwa gari linalotumika barabarani. Kipengele cha kutenga magari kwenye bima ya dhima kiliwekwa ili jambo ambalo tayari lina bima yake ya lazima lisilipwe mara mbili. Hati yangu yenyewe inasema inatenga "gari ambalo kisheria linatakiwa kuwa na bima". Haya, dawati la magari limeshaandika kwa mkono wake kwamba pale haikuwa barabarani. Kama sheria ya barabarani haikuhusika pale uwanjani, basi sababu ya kutenga haipo na dawati la dhima linapaswa kulipa. Na kama inahusika, dawati la magari lilipe. Hayawezi kuwa kweli yote mawili kwa ajali moja, kwa kampuni moja iliyochukua ada mbili!

Kilichonichefua zaidi ni kingine. Afisa mmoja alitushauri tuandike kwamba yule mama ni kibarua wetu, ili suala liende WCF. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi tunauchangia, ile asilimia 0.5 ya mishahara, kwa vijana wetu walio kwenye orodha. Mama huyu hayumo na hajawahi kuwamo. Yaani nidanganye mfuko wa umma ili kampuni binafsi isitoe hela iliyokwisha kupokea ada yake. Nilikataa palepale. Na wanaotoa ushauri wa namna hii waambiwe ukweli, wanafundisha wateja jinai.

Baada ya hapo nikakaa na hati usiku, ukurasa kwa ukurasa. Wakuu, ile hati iliandikwa kwa ajili ya duka la nguo. Uchafuzi unalipwa tu ukiwa wa ghafla na wa bahati mbaya. Vumbi la krasha si la ghafla, linatoka kila siku ya kazi, na vumbi la zege lina madini ya silika yanayoharibu mapafu. Jirani akija na cheti cha daktari, hakuna kitu. Ukuta wa jirani ukipata nyufa kwa mtikisiko, umetengwa. Kokoto nilizouza zikiwa na jasi ndani na sakafu ya mteja ikavimba, hiyo ni dhima ya bidhaa, hati nyingine, ada nyingine. Asbesto imetengwa moja kwa moja, na mapaa mengi ya zamani tunayoletewa yana asbesto. Saratani yake huweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au zaidi, sasa atakayeugua hapo mbele atamdai nani?

Dalali wetu wa bima alifika uwanjani kabla ya kutukatia. Aliliona krasha, akawaona kina mama kwenye lundo, akapiga na picha. Picha zimo kwenye faili lao. Hakuna anayeweza kusema hawakujua wanachokikatia bima.

Ninachotaka ni mambo yanayowezekana. TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, iyabane makampuni yaandike kwa Kiswahili, ukurasa wa kwanza, yale yasiyolipwa kwa kazi husika. Na kampuni inayomkatia mtu bima ya gari na ya dhima kwa pamoja izuiwe kumrusha kati ya madawati yake: imlipe aliyeumia kwanza, halafu madawati yakagombane yenyewe huko ndani.

Barua zangu nazipeleka ofisi ya TIRA Kanda ya Kaskazini hapa Arusha, na nakala kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Jina la kampuni silitaji humu kwa sababu shauri liko njiani.

Naomba wenye tipa, krasha, hata machimbo ya kokoto, mlioko Moshi, Boma Ng'ombe, Usa River: fungueni hati zenu za dhima, tafuteni kipengele cha magari, mkiandike hapa neno kwa neno bila majina. Nataka kuingia ofisini na hati nyingi mkononi. Kama kuna wakili wa bima humu aliyewahi kushinda hoja hii ya "ndani ya uzio", aje PM leo. Mguu wa yule mama bado una vyuma na kodi ya chumba chake inadaiwa.