Je, mwinuko wa Dodoma unatosha kumkata pumzi mchezaji wa pwani?

Kocha wa Nkuhungu

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninafundisha timu ya vijana wa mtaa hapa Nkuhungu, Dodoma. Mwezi uliopita tulipokea wageni kutoka Dar es Salaam kwa mechi ya kirafiki, tukawafunga mabao matatu kwa moja, na mawili kati ya hayo yalipatikana katika robo saa ya mwisho, wakati wageni wameshashika viuno. Baada ya filimbi ya mwisho kocha wao, mtu mzima ninayemheshimu, aliniambia kwamba hatukuwashinda kwa mpira bali kwa mlima, kwa maana kwamba vijana wake wamezoea hewa ya usawa wa bahari na huku wameishiwa pumzi. Nilicheka, lakini neno lake halikunitoka, kwa sababu mwezi wa saba nasi tutakwenda kucheza Njombe, ambako ni juu zaidi ya hapa.

Naomba kuuliza: je, mwinuko unaathiri mechi kweli, na kama unaathiri, unaanzia mita ngapi? Dodoma yenye mita zipatazo 1,120 inaweza kuwa sababu, au ni kisingizio? Ushabiki tunao wa kutosha; ninachotafuta ni maelezo.

Mwalimu wa Kizota

Ndugu kocha, nimefundisha baiolojia sekondari kwa miaka mingi na swali hili huulizwa darasani kila tunapofika kwenye somo la upumuaji.

Watu husema kwamba mlimani oksijeni imepungua, na hapo huwa ninawasahihisha kidogo. Sehemu ya oksijeni katika hewa ni ileile takriban asilimia 21, uwe Kigamboni au Kileleni Kibo. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yote, na ndio unaoisukuma oksijeni kutoka mapafuni kuingia katika damu. Hapa Dodoma mgandamizo huo ni pungufu kwa takriban asilimia 12 ukilinganisha na pwani, na kwa Njombe, ambako mwinuko unakaribia mita 2,000, upungufu ni zaidi ya asilimia 20.

Hata hivyo, asilimia 12 ya mgandamizo si asilimia 12 ya nguvu. Himoglobini, yaani kitu kilichomo katika damu kinachobeba oksijeni, ina tabia ya kuishika karibu kikamilifu hata mgandamizo unaposhuka kiasi, kwa hiyo mtu aliyekaa jukwaani Uwanja wa Jamhuri damu yake imejaa oksijeni takribani sawa na ya aliyekaa Temeke. Tofauti huanza kuonekana mtu anapokimbia kwa nguvu, kwa sababu moyo husukuma damu kwa kasi kubwa na kila tone hupata muda mfupi zaidi wa kupita mapafuni. Mbio moja ya mita 20 haiathiriki, kwa kuwa misuli huitumia akiba yake yenyewe. Kinachoathirika ni muda wa kurudisha pumzi kabla ya mbio inayofuata. Beki wa pembeni aliyezoea kupanda na kurudi mara kwa mara ndiye ataihisi kwanza, na mshambuliaji anayesubiri mpira mbele ataihisi mwisho.

Katika Kombe la Dunia la 2010 Afrika Kusini, uchambuzi wa mechi ulionyesha kwamba timu zilipocheza kwenye viwanja vya juu, kama vya Johannesburg yenye mita zipatazo 1,750, umbali waliokimbia wachezaji ulipungua kwa takriban asilimia 3 ukilinganisha na viwanja vya pwani. Hao ni wachezaji waliokuwa na madaktari na maandalizi ya wiki kadhaa. Kwa maoni yangu Dodoma iko kwenye kizingiti: athari ipo, lakini ni ndogo mno kubeba kipigo peke yake.

Golikipa Mstaafu

Mwalimu ameyasema vizuri ya mapafu, ila mpira wenyewe ameusahau, nami nimeusimamia langoni kwa miaka kumi na miwili.

Hewa nyepesi huuzuia mpira kwa nguvu kidogo. Shuti la mbali hufika mapema kuliko ulivyokadiria, krosi hupita kichwa cha mtu uliyedhani itamfikia, na mpira wa adhabu uliopigwa kwa kuzungushwa haupindi kama ulivyopinda pwani, kwa kuwa kinachoupinda ni hewa hiyohiyo. Mara ya kwanza nilipocheza Mbeya nilifungwa bao la mbali ambalo mpaka leo wenzangu hunitania kwamba nilikuwa nikitazama mawingu.

Ndugu kocha, kwa safari yako kuna jambo linalosahaulika: joto nalo huifanya hewa iwe nyepesi. Njombe mwezi wa saba ni baridi, na baridi hiyo huirudishia hewa karibu nusu ya uzito iliyoupoteza kwa mwinuko, ukilinganisha na jioni ya Dodoma yenye jua kali. Kwa hiyo mpira hautabadilika sana kwa kipa wako. Pumzi za vijana ndizo zitakazobadilika, kwa sababu mapafu hayafaidiki na uzito huo. Tena, msiende na mipira iliyojazwa upepo huku mkaitumia bila kuipima. Kipimo husoma tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje, na vyote viwili, mwinuko na baridi, huigusa tofauti hiyo.

Msafiri wa Singida

Ninawaheshimu mwalimu na mzee wetu kipa, lakini naomba tuuweke mlima mahali pake.

Mfano unaotajwa siku zote ni La Paz, Bolivia, penye mita zipatazo 3,600. Hapo ndipo Argentina ya kocha Maradona, ikiwa na Messi uwanjani, ilipofungwa 6–1 tarehe 1 Aprili 2009, na jambo la kuchekesha ni kwamba Maradona huyohuyo alikuwa amekwenda kucheza mpira La Paz mwaka mmoja kabla, kupinga marufuku ya FIFA. Marufuku hiyo ilitangazwa mwaka 2007 kwa mechi za kimataifa juu ya mita 2,500, ikasogezwa hadi mita 3,000, kisha ikasimamishwa mwaka 2008. Hata FIFA, katika ukali wake wote, haikufikiria kuugusa uwanja wa mita 1,120.

Mwaka huohuo wa 2007 mtafiti Patrick McSharry alichapisha uchambuzi wa mechi 1,460 za kimataifa za Amerika Kusini, akakuta kwamba kila mita 1,000 za tofauti humwongezea mwenyeji wa juu takriban nusu bao. Sioni kama hesabu hiyo inahamishika moja kwa moja kutoka milima ya Andes hadi Nkuhungu. Lakini hata tukimkubalia kocha mgeni yote, mlima ulichangia nusu bao, nanyi mlishinda kwa tofauti ya mabao mawili. Hayo mengine atueleze yalitoka wapi.

Kwa upande wa pili, usijidanganye kwamba kuishi Dodoma kumekuandaa kwa Njombe. John Stephen Akhwari wetu alitoka Mbulu, ambako si bondeni, na bado mwaka 1968 misuli ilimkaza katika marathoni ya Mexico City, kwenye mita zipatazo 2,240, kabla hajaanguka na kuumia goti.

Nina swali moja: hao wageni walifika lini, na kwa usafiri gani?

Kocha wa Nkuhungu

Ninawashukuru nyote. Ndugu wa Singida, swali lako limenigusa. Waliondoka Dar es Salaam alfajiri kwa basi, wakafika saa nane mchana, wakala wali na maharage, na saa kumi walikuwa uwanjani. Jua lilikuwa kali, vumbi jingi, na nakumbuka maji yao ya kunywa yaliisha wakati wa mapumziko.

Mwalimu wa Kizota

Basi kocha, kilomita zipatazo 450 za kukaa kitini na tumbo lililojaa zingemlaza hata mwenyeji. Hewa yetu kavu nayo hukausha jasho kabla mtu hajalihisi, hivyo kijana wa pwani, aliyezoea kujiona amelowa, hudhani hajapoteza maji.

Kwa Njombe, mwili huongeza kasi ya kupumua mara moja, lakini chembe nyekundu za damu huchukua wiki kadhaa kuongezeka, na sidhani kama mna nauli ya kukaa huko wiki tatu. Fikeni siku mbili kabla ili mpumzike safari, mfanye mazoezi mepesi, na uweke tayari mabadiliko ya mabeki wa pembeni mapema katika kipindi cha pili.

Kocha wa Nkuhungu

Mechi ni Jumamosi, kwa hiyo tutaondoka Alhamisi alfajiri. Nimeshaazima pampu yenye kipimo, na wazazi nimewaomba masweta. Kocha wa Dar es Salaam ameomba marudiano kwake mwezi wa kumi na mbili. Nimemwambia tutakuja, ila tutalala huko usiku mmoja kwanza.