Naomba ushauri: kuhesabu muda unapotua kwa vyombo

Ndugu marubani na wakufunzi, heshima kwenu. Niko kwenye mafunzo ya kurusha ndege kwa kutegemea vyombo, na ninaomba mwongozo kuhusu mikaribio (safari ya mwisho ya kuelekea njia ya kutua) isiyo na ishara ya mteremko, yaani ya redio inayoongoza pembe ya kushuka, ambapo stopwochi ndiyo inayokuambia umefika mahali pa kughairi kutua iwapo hujauona uwanja.

Tuseme kutoka pointi ya mkaribio wa mwisho hadi hapo pana maili 5 za baharini. Kwa mwendo wa noti 90 (maili za baharini kwa saa) juu ya ardhi, jedwali la chati linasema dakika 3 na sekunde 20. Upepo wa mbele wa noti 15 ukikushusha hadi 75, muda unakuwa dakika 4 kamili. Taabu ni kwamba mara nyingi upepo hupungua kadiri unavyoshuka, kwa hiyo nikishika dakika 4 ninaweza kupitiliza, na kupitiliza kwenye milima si jambo la mzaha. Je, ninyi hutumia upepo wa juu, ulioripotiwa uwanjani, au wastani wake?

Pia, mkifuata ILS (mfumo wa redio unaoongoza mwelekeo na mteremko wa kutua), huwa mnabonyeza saa hata kama mteremko unasoma vizuri, ili ukizimika mwendelee na lokalaiza (ishara ya mwelekeo wa njia ya kutua) pekee? Mkufunzi wangu anasisitiza hivyo, nami naona ana hoja, ila mikono huwa imejaa: magurudumu, flapu, redio. Mnapanga vipi mfuatano huo?