Michango ya wasomaji: mara moja akijisikia, au kila mwezi?

Kalamu Butu
Wadau, naombeni uzoefu wenu. Huu ni mwaka wa nne naandika makala mtandaoni. Matangazo siyataki: yanachafua ukurasa na yanalipa kiduchu. Wasomaji wangu si wengi ila ni wa kudumu, na kuna wanaoniuliza "tukuchangieje?" Nina njia tatu mezani, zote ni tovuti za kupokelea pesa za wasomaji. Ko-fi, mtu anatoa mara moja akijisikia. Patreon, anatoa kila mwezi. Au Substack, nifunge baadhi ya makala zisomwe na wanaolipa. Hii ya tatu inanisuta, maana huo si mchango tena, ni duka. Nianze na ipi?

Mama Wino
Karibu kwenye chama cha ombaomba wenye heshima zao, mdogo wangu. Kabla ya kuchagua jina, angalia makato. Ko-fi hawagusi mchango wa mara moja. Buy Me a Coffee, wenzao wa aina hiyo hiyo, wanachukua 5%. Patreon kwa anayejiunga sasa ni 10%, Substack nao 10%.

Hiyo ni kamisheni tu. Kuna na anayepitisha malipo ya kadi, na huyo ndiye anayeng'ata. Stripe, kwa kadi za Marekani, wanakata 2.9% pamoja na senti 30 kwa kila muamala. Sasa piga hesabu. Msomaji mmoja akikupa dola 10, zinaondoka senti 59. Wasomaji kumi wakikupa dola 1 kila mmoja, zinaondoka kama dola 3.30. Pesa ni ile ile! Mimi chaguo la dola 1 nimeliondoa, la chini kabisa ni 5.

Fundi Makato
Mama Wino kasema kweli, ila wa dola 1 msiwafukuze kwa dharau. Desemba 2017 Patreon walitangaza kumtwisha mchangiaji ada hiyo ya kupitisha malipo, 2.9% na senti 35 kwa kila mchango. Aliyekuwa anawapa waandishi kumi dola moja moja akajikuta anabeba ada mara kumi. Watu wakaanza kujitoa, na mwezi haujaisha kampuni ikaomba radhi na kufuta mpango.

Jingine: waambie wajiunge kwa kivinjari. Ndani ya programu ya Patreon kwenye iPhone, Apple naye anaweza kutaka hadi 30%.

Msomaji Kimya
Mimi siandiki, nasoma tu, na nachangia watu wawili. Wa kwanza kitufe chake kiko chini kabisa. Nilikipita miaka, hadi siku alipomalizia makala kwa mstari huu: "Hii imenichukua siku tatu na nauli ya maktaba mara mbili." Nikatoa hapo hapo. Wa pili namchangia kila mwezi, na kusema kweli huwa nasahau kama namchangia.

Mzee wa Rasimu
Kwenye kusahau ndiko kwenye pesa, na ndiko kwenye deni pia. Nilifungua uanachama wa ngazi tatu. Wa ngazi ya juu nikawaahidi barua binafsi kila mwezi. Wakajiunga kumi na wanne. Barua kumi na nne, jamani! Kufika mwezi wa tatu nakesha na barua, makala zimelala. Nikafuta ngazi zote, nikabakiza moja isiyo na zawadi. Wakaondoka wanne. Waliobaki hakuna aliyewahi kuiulizia barua.

Kalamu Butu
Lo. Nami nilishachora ngazi tano.

Mama Wino
Chana.

Dafina
Mbona Liberapay hamuitaji? Ni shirika la Ufaransa lisilo la faida, halichukui kamisheni, lenyewe linaishi kwa michango. Mtu anaweza kutanguliza ya mwaka mzima kwa mkupuo, kwa hiyo ile ada ya muamala inakatwa mara moja tu. Na zawadi kwa wachangiaji hairuhusiwi, Mzee asingeteseka.

Popote utakapoenda, hakikisha nchi yako inaruhusiwa kupokea, si kutuma tu. Na usijidanganye na neno "mchango": mara nyingi watu wa kodi wanauhesabu kuwa kipato.

Kuhusu kufunga makala, The Guardian la Uingereza limeziacha wazi kwenye tovuti na linaomba chini ya makala. Ila lile lina wasomaji mamilioni, usijipimie joho lake.

Kalamu Butu
Basi naanza na Ko-fi, kuanzia dola 5, bila ngazi. Ya kila mwezi nitaifikiria nikiona wanaorudi kutoa ni wale wale. Ninapokwama ni ule mstari wa mwisho. Nimeuandika mara sita, kila nikiusoma naona kama naomba nauli barabarani.

Msomaji Kimya
Makala ya jana ilikuchukua muda gani?

Kalamu Butu
Siku mbili. Na sufuria moja imeungua nikiwa nahariri.

Msomaji Kimya
Andika hivyo hivyo, na sufuria usiisahau.